Mbegu kinzani imekuaje ikaoza ardhini? Jibu kwa mkulima wa mhogo wa Nanyamba

"Shikamoo mtaalamu. Mimi nalima mhogo ekari mbili huku Nanyamba, Mtwara. Msimu uliopita nilipata pingili kwa jamaa yangu akaniambia hizi ni mbegu kinzani, haziugui. Kweli majani yalikuwa mazuri, kijani mpaka juu, nikajua nimepatia. Nimekuja kung'oa mhogo ukiwa na miezi kumi na moja, karibu nusu ya mizizi ukiikata ndani ina madoa ya kahawia, makavu, magumu, mwenye kununua kakataa. Ajabu ni kwamba shamba la mama mkwe wangu liko ng'ambo ya barabara, mbegu yake ya zamani, majani ya chini yana unjano kila mwaka ila mhogo wake mweupe safi. Wengine wanasema udongo umechoka, wengine wanasema salfa ya mikorosho imeingia ardhini, na kijana wa duka la pembejeo kaniambia nipulize dawa ya ukungu. Naomba kujua mbegu kinzani inakuwaje inaumwa? Na mmea hauwezi kuchanjwa kama mtoto? Mvua zikianza nipande nini?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mavuno. Umeona kitu ambacho wakulima wengi wanakiona kila mwaka ila hawakisemi kwa sababu kinaonekana hakina mantiki, yaani majani mazuri mzizi mbovu, halafu ng'ambo ya barabara majani mabaya mzizi mzuri. Ina mantiki kabisa, na ndo hapo hapo lilipo jibu la swali lako la mbegu kinzani, kwahiyo nitakaa hapo muda mrefu kidogo.

Kwanza tukubaliane ugonjwa wenyewe ni upi. Kwa maelezo yako hii ni michirizi kahawia, wengine wanaiita batobato ya michirizi ya kahawia. Mzizi nje unaweza kuonekana mzima kabisa, wakati mwingine umebanwa katikati, ukiukata ndani unakuta kahawia au njano iliyokauka, ngumu, haina maji. Ingekuwa mzizi umelainika, unatoa maji na unanuka, ningekwambia ni kuoza kwa ukungu na maji yaliyotuama, habari nyingine kabisa. Na kuna mtego mmoja unawapata wengi, mhogo ukishang'olewa ukakaa siku mbili tatu unaanza wenyewe kupata mistari ya bluu nyeusi ndani hata kama ulikuwa mzima wa afya, kwahiyo ukitaka kupima ugonjwa kata siku ile ile uliyong'oa, ukikata keshokutwa utajidanganya.

Sasa hao washauri wako. Udongo uliochoka unakupa mizizi midogo, haukupi kahawia kavu ndani ya mzizi mnene. Salfa nayo muiache, haina kesi hapa. Tunaipuliza kwenye mikorosho kwa sababu ubwiriunga ni ukungu unaokaa juu ya ngozi ya jani na ua, salfa inaukuta pale pale nje inauua, na hiyo inayodondoka chini haitengenezi michirizi ndani ya mhogo. Na kwa sababu hiyo hiyo yule kijana wa duka la pembejeo usimpe hela yako, michirizi kahawia inaletwa na virusi, vinakaa ndani ya seli za mmea, na hakuna dawa ya kupuliza inayoviua, si ya ukungu, si ya wadudu, si majivu, si maji ya mwarobaini. Atakayekuuzia dawa ya kutibu mhogo wenye virusi anakuuzia chupa tu.

Ugonjwa huu wala si mgeni. Aliyeuandika kwanza kitaalamu ni H. H. Storey mwaka 1936 akiwa kituo cha Amani kule Usambara, na kwa miongo mingi ulijulikana kama ugonjwa wa ukanda wa pwani, maeneo ya chini, yaani sisi. Ilikuja kuwa mshtuko mwaka 2004 ulipoonekana Uganda huko juu, mbali na bahari, watu walishazoea kuamini kule hauendi. Leo tunajua ni virusi viwili ndugu, na vinasafiri kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni inzi weupe, wale wadogo wanaoruka ukitikisa jani, ila hawa hawakai na hiki kirusi muda mrefu na hawakipeleki mbali, ni kutoka shina hili kwenda mashina ya karibu. Njia ya pili ni sisi wenyewe, kwa pingili. Ukikata shina lenye kirusi vipande kumi umepanda wagonjwa kumi. Ukisikia ugonjwa umeruka kutoka wilaya moja kwenda nyingine usimtafute inzi, tafuta lori, pikipiki, au shemeji aliyekuja na mzigo wa pingili kama zawadi.

Haya, kinga. Mmea hauna damu, hauna zile askari za mwilini zinazozunguka kutafuta adui kama tulizonazo sisi, kwahiyo kila seli inajitetea yenyewe pale ilipo na kuwatahadharisha majirani zake. Na kirusi nacho hakina chochote, ni maelekezo tu yamefungwa kwenye protini, hakina jiko. Kinaingia kwenye seli ya mhogo na kutumia jiko la mhogo, moto wa mhogo na sufuria za mhogo kujipika chenyewe maelfu kwa maelfu. Shika hilo, maana kila aina ya ukinzani unayoisikia ni namna tofauti ya kumharibia huyu mgeni mapishi yake.

Namna ya kwanza ni kumtambua mlangoni. Mimea ina vinasaba ambavyo kazi yake ni kugundua alama ya adui, na ikimgundua seli iliyoingiliwa inajiua kwa makusudi ili adui afe nayo. Mmarekani mmoja anaitwa Flor alilionyesha hili miaka ya 1940 kwenye zao la kitani na ugonjwa wake wa kutu, akaona kila kinasaba cha mmea kinachotambua kina mwenzake upande wa ugonjwa kinachotambuliwa. Ukinzani wa namna hii ni mtamu sana mwanzoni, mmea haupati hata doa, ila adui akibadilisha ile alama moja tu basi, mlinzi hamjui tena, ndo maana unasikia mbegu ya ngano iliyosifiwa sana miaka michache baadae imeanguka.

Namna ya pili ni kumnyima sufuria, na hapa nitakuletea mhogo wenyewe. Batobato kali, ile inayokunja na kuvuruga majani, kirusi chake maelekezo yake yameandikwa kwa DNA, maandishi yale yale ya vinasaba vya mhogo, kwahiyo lazima kitumie mashine ya mhogo inayonakili DNA. Kuna mihogo ya asili ya Afrika Magharibi inayostahimili batobato kali vizuri mno, wanaotengeneza mbegu mpya wameitumia miaka mingi bila kujua hasa siri yake ni nini, mpaka mwaka 2022 watafiti wakachapisha kwamba siri ni herufi moja moja zilizobadilika kwenye kinasaba cha mashine hiyo hiyo ya kunakili DNA. Mmea unaendelea na maisha yake vizuri ila kirusi kikija kutumia kile kifaa hakikai sawa. Ila sasa angalia vizuri hapa maana linakuhusu, kirusi cha michirizi kahawia si cha DNA, ni cha RNA, maandishi ya aina nyingine, hakihitaji kabisa ile mashine. Kwahiyo mtu akikuletea mbegu akasema "hii ni kinzani" muulize kinzani kwa ugonjwa gani? Mbegu inaweza kuwa bingwa wa batobato kali na ikaanguka vibaya kwenye michirizi kahawia, na nina wasiwasi mkubwa kwamba ndicho kilichompata jamaa yako, aliambiwa ukweli nusu akakuletea nusu hiyo hiyo. Majani yako ya kijani mpaka juu yanaendana na hilo, batobato haikukugusa, kilichokuja ni kile kingine.

Watu wamejaribu kukinyima sufuria hata hiki cha michirizi kahawia. Mwaka 2019 kuna kazi ilitoka ambapo walizima vinasaba viwili vya mhogo ambavyo kirusi kinavitegemea, dalili zikapungua na kuoza kwa mizizi kukapungua, ila kirusi hakikuisha. Yaani kilibaki na sufuria nyingine.

Namna ya tatu ndo mimi naipenda kuliko zote. Mwaka 1928 huko Virginia, Marekani, mtafiti anaitwa Wingard aliandika kuhusu tumbaku iliyoambukizwa kirusi, majani ya chini yakaumwa vibaya, halafu yale mapya ya juu yakatoka mazima, na ukiyaambukiza tena hayaumwi. Miaka sabini watu wakawa hawana maelezo yanayoridhisha. Mwaka 1999 David Baulcombe na mwenzake Andrew Hamilton kule Norwich, Uingereza, wakakuta ndani ya mimea vipande vidogo sana vya RNA, herufi kama ishirini na tano hivi, vinavyofanana na kirusi kinachoshambuliwa. Maana yake mmea unakamata maelekezo ya kirusi, unayakata vipande, halafu unatumia vile vipande kama kielelezo cha kutafuta nakala nyingine zote zinazofanana na kuzikata pia, na ile taarifa inapanda mpaka majani machanga ambayo kirusi hakijafika. Kwa wanyama jambo la jinsi hiyo lilishaonyeshwa kwa minyoo mwaka 1998, na waliolionyesha wakapata Nobeli mwaka 2006.

Ndo maana nakwambia mmea una kumbukumbu, ila si kama ya mtoto aliyechanjwa. Na kirusi nacho si mjinga, hivi vya michirizi kahawia vina protini ya kuzima hiyo mikasi ya mmea, kwahiyo ndani ya kila shina la mhogo lililoambukizwa kuna vita inaendelea, mmea unakata, kirusi kinazima, mmea unakata tena. Mbegu moja inashinda vita hiyo kwa kiasi kikubwa, nyingine inashinda kidogo, nyingine inashindwa, na ushindi wenyewe unategemea pia kirusi kimeingia lini na kingapi.

Sasa rudi kwenye shamba lako na la mama mkwe. Tunatumia maneno mawili ambayo sokoni yamechanganywa, kukinza na kustahimili. Mmea unaokinza unazuia kirusi kisizaane, ukiupima unakuta kirusi kidogo au hakuna. Mmea unaostahimili unacho kirusi, wakati mwingine kingi, ila haukiruhusu kuharibu kitu cha maana. Mhogo wa mama mkwe kwa maelezo yako ni wa kustahimili, ule unjano kando ya mishipa ya majani ya chini ni dalili kabisa ya michirizi kahawia, kirusi kimo, ila mzizi hauozi. Mbegu iitwayo Kiroba nayo inajulikana kwa tabia hiyo hiyo, na ng'ambo ya Ruvuma wenzetu wa Msumbiji walieneza mbegu ya Nachinyaya kwa sababu hiyo hiyo. Wako wewe unaficha kwenye majani unalipia kwenye mzizi. Majani na mizizi si kioo cha mwenzake, kila sehemu ya mmea inapigana vita yake, na mbegu zinatofautiana zinaposhindwa wapi.

Na kwa nini kwako imeoza nusu tu, si yote? Kwa sababu pingili zako zilitoka kwa mashina tofauti. Zilizotoka shina lenye kirusi zilianza vita siku ya kwanza ardhini, hizo ndo zimeoza. Nyingine zilikuwa safi, zikaambukizwa baadae na inzi au hazikuambukizwa kabisa. Mizizi huwa inaanza kuoza mmea ukishakua, miezi sita saba na kuendelea kutegemea mbegu, kwahiyo ulivyosubiri mpaka kumi na moja umeupa ugonjwa muda. Hili linauma kwa sisi watu wa kusini, maana mhogo thamani yake ni kwamba unauacha ardhini mwaka mzima na zaidi mpaka njaa au ada ya shule ikukute, na huu ugonjwa unaondoa hasa hiyo faida.

Kuhusu mbegu yenyewe, wazee wa huku wataijua Namikonga. Wakenya wanayo wanaiita Kaleso, vipimo vya vinasaba vimeonyesha ni kitu kimoja. Asili yake ni kazi ya Amani kuanzia miaka ya 1930, walipochanganya mhogo na mti wa mpira wa Ceara, ambao ni ndugu wa porini wa mhogo, halafu wakarudisha kwenye mhogo mara kadhaa mpaka ukapata mizizi ya kula, na vipande vya ule mpira bado vinaonekana kwenye vinasaba vyake mpaka leo. Utafiti uliochapishwa 2017 ulichanganya Namikonga na Albert, ambayo wengi mnaikumbuka, Albert kwenye michirizi kahawia ni hoi, ili waone ukinzani wa Namikonga umekaa wapi. Haukukaa sehemu moja, umetawanyika kwenye kromosomu kadhaa kati ya 18 za mhogo. Hiyo ni habari nzuri na mbaya. Nzuri kwa sababu kirusi hakiwezi kuuvunja kwa kubadilisha kitu kimoja, mbaya kwa sababu anayetengeneza mbegu mpya anatakiwa avihamishe vyote pamoja bila kupoteza utamu, unga na mavuno, ndo maana mbegu mpya zinachukua miaka.

Chanjo sasa. Kwa mimea mingine kitu kinachofanana na chanjo kipo, Brazil wameambukiza michungwa kwa makusudi kirusi dhaifu ili kile kikali kikija kikute mmea umeshaamka, na imesaidia kweli. Kwa mhogo wa mkulima hakuna huduma hiyo, na mimi binafsi nisingependa mtu ajaribu, ukiingiza kirusi dhaifu kwenye pingili umekipandisha kirusi kila mahali pingili hizo zitakapofika. Wengine wamekwenda njia ya kumpa mhogo vipande vya kuamsha ile mikasi tangu mwanzo, kwa uhandisi jeni, yaani kubadilisha vinasaba maabara, na Kenya mamlaka yao iliruhusu mhogo wa namna hiyo mwaka 2021. Mbegu bora za mhogo unazopata Tanzania si hizo, ni za kuchavusha maua kawaida, kwahiyo ukisikia mtu kijiweni anasema Kiroba ni GMO, yaani ya uhandisi jeni, mwambie aache.

Nipande nini. Kama unaweza kupata pingili za mzalishaji anayekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, chukua hizo, hata kama ni chache za robo ekari tu, halafu uzizalishe mwenyewe. Uliza jina la mbegu, uliza inastahimili batobato kali tu au na michirizi kahawia pia, akisita ondoka. Kama huwezi kupata, bado una njia ila ina jasho: kwenye zile ulizobakiza shambani pita sasa kabla ya kiangazi kupukutisha majani, funga kitambaa kwenye mashina ambayo majani ya chini hayana unjano na shina la kijani halina michirizi, ukija kuvuna kata mizizi yote ya shina hilo, ukikuta hata mmoja una kahawia lile shina liende motoni, halitoi mbegu. Hautapata pingili safi asilimia mia, mmea unaweza kuwa na kirusi bila dalili, ila utapunguza sana. Baada ya kupanda, miezi mitatu ya mwanzo pita kila wiki mbili, chenye dalili ng'oa usikionee huruma, na maotea ya zamani yang'oe pia maana ndo nyumba ya kirusi msimu wa kiangazi.

Kuvuna mapema, miezi nane tisa, nalo ni chaguo. Sitakudanganya, utapoteza uzito, mzizi bado ulikuwa unajaza. Ila kilo chache nyeupe zinauzika, kilo nyingi za kahawia hazina mnunuzi. Sehemu nyeupe ya mzizi ulioathirika mnaweza kula, kirusi cha mhogo hakimuumizi mtu, kata ile kahawia utupe maana ni chungu, na mihogo michungu iendelee kuandaliwa kama mlivyozoea, usifupishe siku kwa sababu ya haraka ya soko.

Mama mkwe ndo sehemu ngumu, najua. Shamba lake si baya kwake, ila kwa inzi weupe ni hazina ya kirusi pembeni ya shamba lako. Ukimwambia ang'oe mhogo mweupe mzuri atakuona una kichaa, na kwa upande wake ana haki. Bora panda wewe mbegu yako safi upande wa mbali na lake, acha mstari wa mbaazi au ufuta katikati, na usichukue pingili kwake hata akikupa bure kwa upendo, maana kirusi kilichomo kitahamia kwenye mbegu yako isiyostahimili kama yake. Au kinyume chake, ikithibitika mbegu yake inastahimili miaka yote hiyo, wataalamu wangependa kuiona, zipo mbegu za wakulima zilizoanza hivyo hivyo.

Hapo ndo ninapotaka uende ukaonane na mtu ana kwa ana. Anza na afisa ugani wa kata, ile programu ya simu ya Nuru nayo inasoma majani bila bando ila kumbuka inasoma majani tu, na wewe ugonjwa wako uko chini. Ukiona zaidi ya robo ya mashina yanaoza, na wewe huenda umeshafika huko, au dalili ambazo sijazitaja hapa, nenda TARI Naliendele, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, ndo wenye mhogo huku kusini na ni karibu na nyie. Beba mizizi iliyokatwa siku hiyo hiyo, majani ya chini matatu manne kwenye karatasi si mfuko wa nailoni, na majina ya mbegu zote mbili kama mnavyoziita nyumbani. Pingili piga simu kwanza uulize kabla ya kuzipakia, usizisafirishe kwenye daladala hovyo, na zikibaki usimgawie kondakta.